Sheria Tatu za Hajji wa Magodoro

Hajji hakuwaketisha wagomvi wakitazamana. Aliwapanga upande mmoja wa meza, bega kwa bega kama watoto wa shule, wote wawili wakimwangalia yeye, kisha akaniagiza birika moja la chai na vikombe viwili. Aliyeshtakiwa ndiye aliyemmiminia mwenzake. Mkono ukikataa kumimina, Hajji alitoa tasbihi yake mfukoni akangoja. Chai ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena. Mimi ni mwenye hoteli, meza zangu ndizo ugali wangu, kwa hiyo nilikuwa namnong'oneza, "Hajji, wateja wamesimama." Naye hunijibu bila kuinua kichwa, "Abaayo, hawa wakitoka bila kunywa, kesho utafagia vioo."

Abaayo ni dada kwa Kisomali. Aliniita hivyo tangu mwaka niliofungua hoteli yangu hapa Nabuyonga, mimi Mkristo wa Bungoma niliyeletwa Mbale, huku Uganda, na ndoa nikabakizwa na ujane. Yeye alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na duka la magodoro na mablanketi. Mji ulimwita Hajji wa Magodoro na jina hilo linatosha. Alikozaliwa na ukoo wake niliwaachia Wasomali wenzake, wao huyajua hayo kwa ghibu. Na niseme mapema nisije nikalaumiwa: nilimpenda mzee yule, na hadi leo nimemkasirikia. Anayetafuta picha ya malaika aende kwingine.

Wasomali wa Mbale na Jinja, wenye maduka na madereva wa malori, walikuwa wakimletea kesi zao zote. Wana sheria yao ya mila, wanaiita heer, haikuandikwa popote, inakaa vichwani mwa wazee. Nilimwuliza siku moja kwa nini wasiende polisi au kwa sheikh kama watu wengine. Akaniambia, "Serikali inauliza nani mkosaji. Sheikh anauliza Mungu amesema nini. Sisi tunauliza hawa watu wataishije kesho." Nikamwambia hilo ni swali zuri. Akasema, "Ni swali gumu. Zuri ni mambo ya wanawake." Alikuwa na ulimi, yule mzee, usimwone vile.

Kesi nyingine zilinichekesha nusura nimwage maziwa. Dereva mmoja alimpiga mwenzake pale maegesho kwa sababu ya nafasi ya lori. Hajji alisikiliza kelele zote, halafu akauliza kwa upole kabisa, "Alikupiga kwa mkono au kwa ndala?" Nikacheka kwa sauti jikoni. Kumbe lilikuwa swali lenyewe! Yule aliyepigwa aliinamisha kichwa, akanong'ona, "Kwa ndala." Meza nzima ikanyamaza kama imetajwa maiti. Wenzake wa yule mpigaji walilazimika kuja na mbuzi na kitambaa kipya, na kuomba radhi mbele ya watu. Baadaye Hajji alipita jikoni kunisomesha. "Mkono unaumiza shavu," alisema. "Kiatu kinaumiza jina." Tangu siku hiyo sikucheka tena kesi zao, ila kimoyomoyo.

Polisi nao walimpenda, maana aliwapunguzia kazi. Kulikuwa na afande mmoja mnene, akija na vijana wawili wamechaniana mashati anawasukuma mlangoni kwangu. "Hajji, hii watu yako imepigana tena. Mimi naandika, ama wewe unachukua?" Hajji husema, "Nachukua, afande." Afande anapata chai yake na andazi, na jina la mtu haliingii kituoni.

Lakini msidhani aliidharau serikali. Siku za Jumatano, duka likiwa tulivu, alivaa koti lake la kijivu akaenda mahakamani kukaa benchi la nyuma. Hakuwa na kesi. Alikwenda kusikiliza tu, kama wengine wanavyokwenda mpirani. Akirudi ananisimulia yote, nani alilia, nani alidanganya vibaya, hakimu alikohoa mara ngapi. Aliwahurumia sana watu wale waliosimama kizimbani peke yao. "Abaayo, mtu mmoja! Anasimama mtu mmoja tu pale, nyuma yake hakuna baba, hakuna mjomba. Huyo ataogopa, na mtu akiogopa atasema uongo." Kwao hakuna anayesimama peke yake. Kosa la mmoja hubebwa na jamaa nzima.

Na hilo halikuwa la maneno tu. Kijana wa Kisomali alimgonga bodaboda wa Namatala kwa pikapu, akamvunja mguu. Kijana akakimbia kujificha, watu wa Namatala wakakusanya mawe. Hajji akatoka dukani na bakora yake, akapanda bodaboda, akaenda huko huko kwenye mawe. Nilimfuata kwa woga, sijui nilidhani nitamkinga na nini, na aproni yangu. Alimkuta mama wa yule majeruhi, akaketi chini kabisa, kwenye vumbi.

"Wewe ni nani ya huyu dereva?" yule mama akamwuliza. "Wewe ni baba yake?"

"Hapana, mama. Simjui vizuri hata yeye."

"Sasa unakuja kufanya nini hapa?"

"Kosa ni letu. Mimi nimekuja kulibeba."

Yule mama akawaambia vijana waweke mawe chini. Hajji aligharimia hospitali, akampelekea unga na mafuta mpaka mtoto alipotembea, na yule dereva akarudishwa kuomba msamaha, ameshikwa sikio kama mtoto mdogo. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba sisi Wakristo tunahubiri sana kubebeana mizigo, lakini anayeibeba kweli kweli ni huyu muuza magodoro.

Sasa upande wa pili. Mwanamke wa kwao, mjane kutoka Nkoma, alikuja analia kwamba shemeji yake amemfungia nyumba. Hajji hakumpa hata kiti. Alimwuliza, "Kaka yako yuko wapi?" Akasema yuko Nairobi. "Basi aje." Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamwambia, "Hajji, huyu mdomo wake si huu hapa usoni?" Alinieleza kwa subira, na subira yake ndiyo iliyokuwa ikinichoma: "Abaayo, akisema mwenyewe, akionewa tena atakuwa mwenyewe. Akisema kaka yake, ukoo mzima umesimama nyuma yake."

"Na kaka akiwa mjinga?"

Akacheka tu. Kaka alikuja baada ya wiki, nyumba ikafunguliwa, na yule mjane akanipitia kunishukuru mimi, eti kwa mwiko. Lakini swali langu lilibaki pale pale.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Anaweza kuwapatanisha watu wanaowindana kwa visu, halafu akagombana mwezi mzima na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara kwa sababu ya redio. Maziwa ya Mbale aliyaita maji ya kuoshea vyombo, akisifu ya ngamia, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona ngamia isipokuwa kwenye picha ya kibiriti. Hata fidia zao zinahesabiwa kwa ngamia, kisha zinageuzwa shilingi. Alimheshimu sheikh wa msikiti wetu, akamwachia njia kila walipokutana, lakini sheikh akishapita tu husema, "Sheikh anajua kitabu. Mimi najua watu."

Nilimwamini katika hilo. Alijua watu. Ndiyo maana bado nashindwa kuelewa jinsi alivyoshindwa kumjua mke wake.

Mkewe niliyezoea kumwita Mama Sahra, kwa jina la binti yao aliyeolewa Jinja, alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kicheko cha puani. Hakuwa akija hotelini, wanaume wa kwao walikuwa wengi mno pale. Alikuja kwa mlango wa nyuma, tukamenya vitunguu pamoja tukiwasengenya wote. Mtoto wake wa mwisho aliitwa Liban. Huyo alikuwa na duka la simu kule Jinja, pamoja na rafiki yake wa ukoo mwingine, kijana waliyekua pamoja. Likizo zote za shule yule kijana alikuwa akila kwa Mama Sahra. Nimewapa wote wawili maandazi ya jana.

Waligombana mchana kweupe juu ya nani afunge duka aende kula. Jambo la kipuuzi namna hiyo. Kilikuwepo kisu cha kufungulia maboksi. Liban alifia njiani kabla ya kufika hospitali, na yule kijana alikutwa amekaa chini papo hapo dukani, hata hakujaribu kukimbia. Polisi wa Jinja wakamchukua.

Mganga hajigangi. Wazee walikuja kutoka Kampala na Eldoret, wakafunga turubai uani kwa Hajji, na mara hii hakuketi mahali pa mwamuzi. Aliketi upande wa waliofiwa, koti lile lile la kijivu, tasbihi haina mwendo. Mimi nilikuwa napeleka chai. Ukoo wa yule kijana walikaa wameinamisha vichwa, walikubali kosa, wakaomba kutoa dia, yaani fidia ya damu. Kule kwao, na hata huku, dia isipopokelewa ndugu wa marehemu huona ni wajibu wao kulipiza, na kijana mwingine anakufa, na mwingine tena. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu chini ya turubai lile. Tayari binamu wawili wa Liban walikuwa hawaonekani mjini.

Afande yule mnene alikuja kutoa pole, akamvuta Hajji kando. "Mzee, safari hii si ya kuongea," alimwambia. "Mtu amekufa. Hii sasa ni ya serikali." Hajji akaitikia kwa kichwa. Lakini mimi na afande tulijua kesi inakula mashahidi, na mashahidi walikuwa vijana wawili wa Kisomali wa duka la jirani. Wazee wakiamua, hao vijana wangesafiri.

Mama Sahra alikuja jikoni kwangu asubuhi ya siku ya pili. Hakumenya kitunguu. Akasema, "Nisindikize kwa sheikh." Tukaenda. Mimi nilibaki nje karibu na viatu, lakini mlango ulikuwa wazi nikasikia. Aliuliza swali moja: damu ya mtoto ni ya nani? Sheikh akamjibu pasipo kuzunguka kwamba ni ya warithi wake, na mama ni mrithi. Kusamehe au kutosamehe, neno lake linatakiwa kama la baba. Akatoka, akavaa viatu vyake polepole, akaniambia, "Umesikia? Natakiwa kuulizwa."

Basi tukarudi. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa turubai, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kusimama isipokuwa mimi na birika. Akasema maneno machache kwa Kisomali. Wanaume wote wakatazama chini. Hajji hakugeuka. Alijibu kwa sentensi moja akiwa amempa kisogo, na yule mama akarudi ndani. Nilimwuliza kijana mmoja wamesemaje. Akaniambia, "Amesema hajaulizwa. Mzee amemjibu: umeulizwa kupitia kwangu."

Wallahi, kama wanavyosema wao, nilitaka kummwagia ile chai.

Adhuhuri ile Hajji alisimama mbele ya wazee akasema amesamehe. Akaapa hatatafuta kisasi wala hakimu. Walisoma dua, dia ikapokelewa, binamu wakaitwa warudi nyumbani. Mashahidi wakapelekwa Nairobi. Kule Jinja kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mwisho ikafutwa kwa kukosa watu wa kusema. Kijana akatolewa, na wazee wa kwao wakamsafirisha mbali. Hakuna aliyelipiza. Mji ulimsifu Hajji wa Magodoro, hata msikitini, hata kwa Wakristo. Nami siwezi kusema damu nyingine haikuokolewa, ningekuwa mwongo.

Nilimfuata dukani nilipoweza kuzungumza bila kupiga kelele. Nilimwuliza, "Kwa nini hukumwuliza tu? Neno moja, Hajji. Mle chumbani, hata wazee wasijue."

Alikuwa amekaa juu ya godoro lenye nailoni. Akanijibu taratibu, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nilikuwa naujua wa kwangu, na nilitaka yule kijana anyongwe. Nikimwuliza mama yake, yeye aliyembeba tumboni, atasema nini? Atakataa. Akishakataa mama, nani atapokea dia? Watakufa wengine. Kwa hiyo sikumwuliza."

"Una hakika angekataa?"

"Abaayo, mimi najua watu."

Hata mimi niliamini hivyo hivyo. Kila mtu aliamini. Tulimwona Mama Sahra amesimama pale ukingoni mwa turubai, tukasema huyu anataka damu. Hakuna aliyemwuliza anataka nini, na mimi niliyemsindikiza kwa sheikh sikumwuliza pia.

Arubaini ilipokwisha Mama Sahra alifunga nguo zake akaenda kwa bintiye Jinja. Hakudai talaka, hakupiga kelele. Hakurudi tu. Hajji alituma wazee wamrudishe kama desturi yao ilivyo. Wakapewa chakula, wakapewa chai, na mama mwenyewe hakutoka chumbani. Duka likaanza kufungwa mapema. Kesi zikaja, akawaambia watu waende kwa sheikh, au waende polisi, yeye amechoka. Madereva wawili waliwahi kupigana mbele ya duka lake kabisa, na Hajji akaendelea kufuta vumbi kwenye mito. Mahakamani hakwenda tena. Nilimpelekea chai, nikaikuta jioni haijaguswa, imeota utando. Ilinitia huzuni kumwona hivyo, na hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Mwaka huu, kabla ya mvua, nilikwenda Jinja kumwona dada yangu, nikapitia kwa Sahra kuwajulia hali. Nilimkuta Hajji nje ya geti, juu ya kiti cha plastiki alichoazimwa na mwenye kioski. Amekonda, shati limekuwa kubwa. Nilijua kutoka kwa Sahra kwamba huja kila wiki kutoka Mbale. Bintiye humkaribisha, humpa chakula barazani, na mkewe hatoki. Yeye hula, husali, hukaa, kisha hurudi.

"Abaayo," alisema, "Mungu amekuleta. Niingilie kati."

Sikuelewa. "Niingilie kati vipi, Hajji?"

"Nenda kwake kwa niaba yangu. Wazee wameshindwa." Alikuwa akitazama mikono yake. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akimtuma mwanamke kupeleka neno, hata neno la kuagiza sukari. "Mwulize, yule kijana amsamehe au asimsamehe? Mwambie sasa ninamwuliza. Akisema hapana, nitakwenda Nairobi mwenyewe, niwalete mashahidi wale kwa mkono wangu mbele ya hakimu. Nitavunja kiapo changu. Wazee wanitenge, sawa. Mwambie hivyo hivyo."

"Na wale binamu? Na kisasi?"

"Mwambie hivyo hivyo, abaayo."

Nikaingia. Mama Sahra alikuwa jikoni anapika anjera, chapati zao za maji, sufuria ya unga uliokorogwa kando yake. Tulikumbatiana, tukalia kidogo. Halafu nikautua mzigo wa yule mzee mbele yake, neno kwa neno, hata lile la kuvunja kiapo. Alisikiliza huku akimimina unga kwenye kikaango na kuuzungusha kwa mgongo wa kijiko. Anjera ikaiva, akaitoa, akamimina nyingine.

"Yule kijana alikuwa analala mkeka mmoja na Liban," alisema. "Nilimkata kucha mimi, akiwa mdogo. Mama yake alikuja kwangu usiku ule wa msiba, akanishika miguu. Mimi ningesema nini? Ningemsamehe siku ile ile. Nilikwenda pale kwenye turubai kusema nimesamehe."

Nikashindwa hata kukaa. "Mbona hukusema, Mama Sahra? Miaka yote hii!"

"Nani aliniuliza?" Alinitazama, na hakuwa na hasira hata kidogo, hilo ndilo lililonivunja. "Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa mtoto wangu. Baba yake akakitoa yeye, mbele ya watu, kama blanketi la dukani. Mwambie mzee kwamba yule kijana nimemsamehe zamani. Yeye mzee mwenyewe, siwezi. Nimejaribu, nimesali, siwezi." Akanifungia anjera mbili kwenye kitambaa. "Mpe ale njiani. Asiache kula."

Nilitoka na kile kifurushi cha moto mkononi. Hajji alisimama aliponiona, akashika nguzo ya geti. Nilitafuta namna ya kulipunguza lile neno, sikuipata, nikampa lote kama nilivyopewa. Alilisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Lile la kwamba hawezi kumsamehe yeye lilipita kama alikuwa analijua.

"Siku ile ile?" aliuliza.

"Siku ile ile, Hajji."

"Alikuja pale kusema amesamehe?"

"Ndiyo."

Akaketi tena kwenye kiti cha mwenye kioski. Sahra alifungua geti kidogo, akamwona, akalirudisha. Nilimwekea anjera mapajani, akakifunika kile kifurushi kwa viganja vyote viwili kana kwamba kuna baridi.

"Siku ile ile?" akaniuliza tena.